Siku moja maishani mwangu: kupandisha wageni Ngozi

Mimi ni mwongoza watalii hapa Mbeya. Nikisema hivyo mbele za watu, jibu huwa ni lilelile: "Aaah, wewe unakula dola." Majirani wananiona jioni nashushwa na gari la wageni, wanaanza kuhesabu fedha ambazo sijawahi kuzishika. Shangazi yangu kule Tukuyu mpaka leo anaamini nalipwa kwa kutembea tu. Basi leo nawapitisha kwenye siku moja ya mwezi wa saba ya kupandisha wageni Ngozi, mlima wenye ziwa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, tangu alfajiri mpaka nilipovua buti. Kwamba miguu inachoka, hilo kila mtu anaweza kulikisia. Kinachonichosha zaidi ni maneno ya wageni kuhusu watu wangu, maneno ninayotakiwa kuyapokea kwa uso mkunjufu.

Saa kumi na nusu alfajiri. Nimeamka. Mwezi wa saba Mbeya ukigusa maji ya bomba vidole vinakufa ganzi. Chai ya tangawizi, viazi vitamu vya jana, halafu begi: kamba, bandeji, maji, makoti ya mvua na soksi za ziada, maana mgeni ukimwambia abebe zake habebi.

Saa kumi na mbili na nusu. Nimewafuata wageni hotelini. Ni watatu, wametoka Uholanzi: baba mstaafu, mkewe, na binti yao anayesoma chuo. Wameingia juzi kutoka Malawi kwa mpaka wa Kasumulu, na kesho kutwa wanaelekea Iringa na Hifadhi ya Ruaha. Wageni wengi wanaokuja nchini huishia Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar. Anayefika huku Nyanda za Juu Kusini mara nyingi atakwambia amechoka na watalii wenzake, anatafuta Afrika yenyewe. Yule baba aliniambia hivyo kabla hata hajafunga mkanda wa gari. Nikajua leo nitaongea sana.

Saa moja na nusu, Isyonje. Ukishaacha njia ya Dar es Salaam pale Uyole na kushika ya Tukuyu, gari linaanza kupanda kwenye ukungu, na huku na huku ni viazi mviringo, kabichi, njegere, viazi tena. Akina mama wanne walikuwa kando ya barabara wanachambua mavuno. Baba akaomba tusimame.

Niseme kidogo kuhusu yule mama aliyekuwa karibu na barabara, kwa sababu siku yote iliyobaki ilimhusu yeye bila mwenyewe kujua. Alikuwa wa makamo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, khanga mbili kiunoni na sweta la shule la kijani lililotoboka viwiko. Anaokota kiazi, anakipitishia kidole gumba, udongo unabanduka, anakirusha kwenye fungu lake bila kuangalia kinakoangukia. Vikubwa huku, hivyo ni vya soko. Vya saizi ya yai kule, mbegu. Vilivyokatwa na jembe anaviweka karibu na mguu wake, hivyo ni vya kula nyumbani. Gumba lenyewe lilikuwa limepasuka pembeni ya ukucha, na ndani ya ule ufa udongo umeingia, ukawa mweusi kama wino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni sana na wageni wako." Akatabasamu, na wenzake wote wakatabasamu.

Kamera ya baba ilikuwa imeshainuliwa. Nikaweka mkono mbele yake, nikaomba ruhusa kwanza, kwa sababu hiyo ni sheria yangu na nimewaambia wageni wangu tangu hotelini. Mama akasema piga tu, hakuna neno. Baba akapiga, akaiangalia picha, akamgeukia mkewe. Alichosema nimekisikia kwa lugha nyingi na kwa sauti nyingi: hawana kitu hawa, lakini angalia walivyo na furaha, sisi nyumbani tuna kila kitu na kila mtu amenuna. Kisha akaniomba nimuulize mama siri ya furaha yake ni nini.

Nikauliza kama nilivyoagizwa. Wenzake wakaangua kicheko. Mama mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akajipaka udongo shavuni. Kamera ikapiga tena, mara tatu mfululizo. Hapo jibu lenyewe lilikuwa bado halijaanza.

"Mwambie nitafurahi akininunulia hivi viazi vyote," alisema, wakacheka tena. Halafu akaendelea kwa sauti ya kawaida, mikono haijasimama. "Mwambie mnunuzi anakuja na gunia lake. Anajaza, anashindilia kwa goti, anaongeza kichwa juu, anafunga kwa kamba, halafu ananilipa gunia moja. Mbolea nimekopa. Dawa ya ukungu nimekopa. Mtoto wangu wa pili yuko bweni kidato cha tatu, ananipigia simu kwa namba ya mwalimu. Hayo yakiisha, aje tena aniulize. Lakini mwambie pia chai ipo, asione aibu."

Niliyatafsiri yote, neno kwa neno, mpaka na chai. Nikawaeleza na lumbesa, hilo gunia la kujazwa kupita kipimo, ni kitu gani: sheria ya vipimo hairuhusu kufungasha mazao zaidi ya kilo 100 kwa gunia, lakini shambani mwenye lori ndiye anayesema gunia ni kiasi gani, na mwenye viazi vinavyokaribia kuoza hana muda wa kubishana. Baba alisikiliza kwa heshima. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema, "Lakini bado anacheka."

Pale ndipo napochoka. Mlima bado sijaugusa, na tayari nimechoka.

Jamani, yule mama alicheka kwa sababu amepata wageni. Kwetu mgeni hapokelewi kwa kununa, hata kama usiku kucha hamkulala. Nimeshaona watu wametoka kuzika jana na leo wanakuvutia kiti, wanakuuliza habari za huko utokako. Ile ni adabu, ni malezi, na ndani yake kuna furaha ya kweli pia, sikatai. Mama yule anapenda wenzake, wanataniana vizuri, na pengine asubuhi ile ilikuwa njema kwake. Ninachokataa ni mtu kusimama dakika kumi, apokee tabasamu alilopewa kama zawadi, aondoke nalo kama ushahidi kwamba umaskini hauumi. Utafiti wa serikali wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wanaishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi mzima. Chumba alicholala baba yule usiku uliotangulia kilimgharimu zaidi ya hapo.

Saa mbili na nusu, Mchangani. Tukajiandikisha, tukalipia kuingia msituni, tukampata kijana wa kijiji wa kusindikizana nasi. Ana mwili mwembamba na kifua cha kupanda milima mchana kutwa. Akachukua begi la yule mama wa Kiholanzi bila kuambiwa.

Njia ya Ngozi inaanzia mashambani kwa upole, halafu inaingia msituni na kubadilika. Mianzi, migomba pori, mizizi ya kushika kwa mkono, tope ambalo hata kiangazi halikauki kwa sababu jua halifiki chini. Hii ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoijua kuliko vidole vyangu. Najua mgeni atapumzika wapi kabla hajajua mwenyewe kwamba amechoka. Nilisikia mbega juu ya miti, nikawasimamisha, na binti akawaona wawili wakiruka na manyoya yao meupe yakipepea. Nikamwambia kuhusu kipunji, kima ambaye wanasayansi walimjua kwa mara ya kwanza hapa jirani, Mlima Rungwe, mwaka 2003, wakati wawindaji wa vijiji vya chini walikuwa wakimfahamu siku zote. Binti akaandika kwenye daftari. Kusukuma, kuvuta, kusubiri, kusukuma tena.

Saa tano na nusu hivi tulitoka juu, kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ukungu ukafunguka. Ziwa lipo chini kabisa, kijani cha kuiva, kuta za msitu zimelizunguka pande zote na hakuna mto unaoonekana kutoka. Wageni huwa wanakaa kimya wakifika pale, na mimi huwa nawaacha. Najivunia kuwa ndiye niliyewafikisha.

Baba ndiye aliyevunja ukimya, na alikuwa bado yuko Isyonje. Alisema anatamani wajukuu zake waje kuona watu wanaofurahi bila simu na bila vitu. Si mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa anasema kwa moyo, sauti yake ilitetemeka kidogo. Lakini nilikuwa nimebeba maneno haya tangu asubuhi, na pale juu nilikuwa nimekaa, nina maji, nina pumzi.

Nikamuuliza kama anaifahamu Ripoti ya Furaha Duniani. Anaifahamu. Nikamwambia ile ya 2019 iliiweka Uholanzi nafasi ya tano, na Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Akashtuka kweli. Akasema haiwezekani, yeye ameona kwa macho yake. Nikamweleza swali lenyewe lilivyo: mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri mpaka kumi, juu kabisa ni maisha bora anayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote, halafu aseme yeye leo amesimama wapi. Hakuna anayemtazama usoni na kumjazia jibu. Na watafiti haohao wana swali jingine wanaloliuliza peke yake: jana ulitabasamu au kucheka sana? Mtu anaweza kujibu ndiyo hapo, akacheka na watoto wake mpaka usiku, na bado akajiweka kidato cha tatu, kwa sababu anajua maisha anayoweza kuyapata na anajua yalipo. Yeye baba alikuwa amejibiwa swali la pili akalibeba kama jibu la swali la kwanza.

Mkewe akasema ndiyo maana yeye anasikia uchungu tu akitazama. Njiani alikuwa ametoa machozi kwa ajili ya msichana aliyebeba ndoo ya maji kichwani kabla ya shule. Na hilo nalo linanichosha, ila kwa namna nyingine. Mimi nimebeba ndoo hiyo miaka yote ya shule ya msingi. Ilikuwa nzito, asubuhi ya baridi ilikuwa mbaya sana, na ningefurahi kama bomba lingefika nyumbani. Lakini kisimani ndipo nilipopata marafiki ambao mpaka leo nikikwama nawapigia. Anayelia na anayefurahi kwa niaba yangu wote wawili wanatazama dirishani mwa gari. Huyo msichana anaweza kuulizwa. Ana kinywa, na kwa wasichana wa Rungwe ninavyowajua, atajibu.

Kuteremka ndiko kunakomaliza magoti, na kuanzia hapo saa sikuiangalia tena. Yule mama wa Kiholanzi aliteleza mara kadhaa. Kijana wa kijiji akageuka, akawa anashuka kinyumenyume mbele yake, amemshika mikono yote miwili, anamwonyesha mzizi wa kukanyaga, hivyo hivyo mpaka tukatoka msituni. Suruali ya kijana ilikuwa tope tupu hadi kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma na baba, bega langu ndilo lililokuwa fimbo yake.

Tulipofika kwenye gari, malipo ya kijana yalikuwa yameshalipwa asubuhi, ikabaki bakshishi. Binti akatoa noti mbili za elfu kumi. Baba akamzuia. Akaniambia pembeni, kwa sauti ya kunihifadhia heshima, kwamba elfu tano inatosha, kwa sababu hawa watu wanaishi vizuri bila fedha nyingi na hataki kuwa yeye aliyekuja kuwaharibu.

Hapo ndipo ninapotaka kila mtu anayesoma asimame kidogo. Ile sentensi nzuri ya asubuhi, hawana kitu lakini wana furaha, mwisho wake huwa hapa. Inafika kwenye pochi. Nimeiona ikipunguza bei ya parachichi za bibi wa Kiwira, nimeiona ikipunguza ujira wa mpishi, nimeiona kwa hoteli ikilipa wasichana wa usafi mshahara wa aibu na kuwasifu mbele ya wageni kwa tabasamu lao. Ukishaamini mtu anashiba kwa furaha, hutasumbuka kumlipa.

Nikamwambia baba, taratibu, kwa sababu yeye ni mtu mzima na ni mgeni wangu: "Baba yangu, huyu kijana ana mke na mtoto mdogo. Amepandisha kuta za vyumba viwili na amebakiza bati. Fedha haitamharibu, itaezeka nyumba." Akanyamaza. Nilisubiri. Kijana alikuwa ameenda pembeni ananawa mikono kwenye mfereji, hakujua tunazungumza nini. Mwishowe baba akachukua zile noti mbili kutoka kwa binti yake, akaenda kumpa mwenyewe kwa mikono miwili, kama nilivyowafundisha asubuhi.

Chakula tulikula Kiwira, ndizi za kupika na nyama, nikala kama mtu aliyefunga. Daraja la Mungu tulilipitia haraka, mwamba wa lava uliopoa juu ya Mto Kiwira ukaacha maji yapite chini yake. Yule mama wa Kiholanzi alitaka kurushia watoto pipi dirishani tukiondoka, nikamkatalia kabisa. Ile ni barabara ya malori ya Malawi, na mtoto anayekimbilia pipi haangalii lori.

Tulipopita Isyonje kurudi, lori lilikuwa limeegeshwa palepale. Wanaume wawili walikuwa juu ya gunia, mmoja anashindilia kwa goti, mwingine anavuta kamba, na kichwa cha gunia kimevimba juu ya mdomo wake. Baba akaniuliza kama hicho ndicho alichokisema yule mama. Nikamwambia ndicho. Akina mama wenyewe walishaondoka.

Kisha foleni. Anayeijua Uyole jioni hahitaji kuelezwa: malori ya Zambia yamekutana na ya Malawi, bajaji zinajipenyeza, na ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi umeongeza vumbi na mabango ya kuzunguka. Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Miguu yangu ilikuwa imevimba ndani ya buti. Binti akaniuliza kutoka kiti cha nyuma mimi mwenyewe ningejiweka kidato cha ngapi.

Nilikuwa nimechoka mno kujibu kwa adabu ya kazi, nikajibu kwa ukweli. Nikamwambia tano. Naipenda kazi yangu, najua msitu, naheshimiwa Mchangani, wazazi wangu wazima. Lakini Machi mpaka Mei mvua ikikaza wageni hawaji na silipwi shilingi. Nikivunjika mguu kule juu, hakuna mkataba unaonilinda. Nikiwa na bima ya afya ya uhakika na kazi ya miezi kumi na miwili, nitapanda mpaka saba mwaka huohuo. Akauliza kama naweza kuwa na furaha leo hii bila hivyo vyote. Nikamwambia ninaweza, na leo asubuhi nilipoona mbega nilikuwa nayo, na bado nataka bima.

Baba akauliza polepole yule mama wa viazi angesema ngapi. Nikamjibu kwamba sijui, kwa sababu hatukumuuliza hilo.

Nimefika kwangu, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, saa mbili na nusu usiku. Nimelipana na dereva, nimetoa mafuta, nimetoa ya simu. Kilichobaki kinatosha kodi ya nusu mwezi, na kesho sina mgeni, kwa hiyo nitafua buti na kwenda kliniki na mdogo wangu. Kabla sijalala nilikuta ujumbe wa wageni wa wiki ijayo. Wanaomba niwapeleke kijijini waone watu wanavyoishi kwa furaha na urahisi. Nikawajibu kwamba kijiji kipo na chai ipo, tutakaa saa mbili na siyo dakika kumi, picha ni baada ya ruhusa, mwenye shamba analipwa muda wake kwa bei niliyoandika hapo chini, na waje na maswali yao, kwa sababu naye atakuwa na yake ya kuwauliza.